Siku Tuliyomulilia Ofisa wa Mizinga

Bon, nitawaelezea, lakini musicheke mbele sijafika mwisho, juu hii haya niko nayo mpaka leo, na kuko watu hapa Brussels, watu wazima na heshima yao, wakiniona kwa tramu wananiita Papa Mizinga, na watoto wao wananisalimia "bonjour Papa Mizinga" bila kujua ile jina inatoka wapi. Inatoka kwangu mwenyewe. Hakuna mutu alinifanyia kitu. Niliwasha mushumaa mumoja, saa za muchana, ndani ya saloni yangu, na mbele jua haijashuka nilikuwa nimepoteza kile kitu nilikitaka kuliko vyote.

Ilikuwa miaka ya tisini, nilikuwa nakaa karibu na Gare du Midi, chumba na saloni, na kazi yangu ilikuwa jikoni, kwa nyumba ya wazee kule Auderghem (kumenya viazi na kuosha masufuria, musinione na hii tai). Jumapili, kisha misa, nilikuwa napita kwa soko ya pale stesheni, si kwa kununua, kwa kuangalia tu, na pembeni kulikuwa mama mumoja Mubelgiji aliyeuza makaratasi ya zamani ndani ya makartoni. Ni pale nilijuana na Monsieur Gaston, muzee wa Uccle, mwenye kofia na koti ya kijivu, ambaye alikuwa anainama kwa yale makartoni mpaka unasikia mugongo unamulilia. Kumbe alikuwa ameishi Bukavu kwetu, zamani za Wabelgiji, akijenga barabara, na Swahili alikuwa bado nayo, ile yao ya kuamuru-amuru, lakini yeye hakuwa mutu mubaya.

Sasa ugonjwa wake ulikuwa huu: alikusanya picha za maofisa wa mizinga. Si askari wote, hapana, wale wa mizinga tu, wa ile vita ya Wafaransa na Wajerumani ya karne ya kumi na tisa, wazungu wenye masharubu na vifungo vingi kwa kifua, wamesimama karibu na muzinga kama mutu na ng'ombe yake. Na tena alitaka zile zilizotengenezwa vita ikiwa bado inaendelea. Ukimuletea picha ya ofisa yule yule, lakini iliyotolewa upya miaka kisha vita, anaiangalia, anakurudishia, anasema, "Hii ni kopi. Orijinali ni karatasi iliyokuwa pale. Hii haikuwa pale." Alinifundisha namna ya kujua: zamani karatasi ya picha ilipakwa ute wa yai, donc unazima taa, unaweka mwanga mudogo ubavuni, mushumaa ndio muzuri, na kama ni ya wakati ule unaona karatasi inang'aa na imepasuka vipasuko vidogo-vidogo. Ya mashine inakuonyesha nukta tu. Mimi, mumenya-viazi, nikajikuta najua mambo ya ute wa yai kwa karatasi, na nikaanza kumutafutia maofisa kila jumapili, kwa siri, juu wenzangu wa kanisa wangenicheka mpaka wachoke.

Siku moja alinialika kwake Uccle, akanionyesha maofisa wake wote, halafu, kwa kunifurahisha, akashusha boksi ingine juu ya kabati: picha alizopiga mwenyewe Bukavu. Nikaangalia, barabara, mwalo, kanisa, barabara tena. Halafu wasichana wa shule ya wakunga, wamesimama mustari mbele ya hospitali, na vitambaa vyeupe kwa kichwa, na wa pili kutoka mwisho ameinamisha kichwa upande kidogo, kama mutu anasikiliza kitu nyuma yake.

Ile kichwa niliijua. Ni mama yangu.

Mujue kwamba mama alikufa mimi nikiwa bado kwa sekondari, na picha zake zote zilikuwa nyumbani, na wakati wa mapora wale waporaji walibeba mpaka milango, albamu pia wakabeba, sijui kwa kufanyia nini. Nilikuwa nimeanza kusahau sura yake. Asubuhi ingine nilikuwa nafunga macho namutafuta na simuone, naona kitambaa tu, na ile ilikuwa inanitisha kuliko nilivyopenda kusema. Sasa yuko pale mukononi mwangu, binti, mudogo kuliko mimi. Nikalia mbele ya muzungu bila haya.

Monsieur Gaston alihuzunika, akasema atanitengenezea kopi, mutu wake mumoja iko na mashine nzuri. Na mimi (sikieni vizuri, hapa ndipo ujinga ulianzia) nikamujibu, "Hapana, Monsieur Gaston. Nataka orijinali. Nataka ile karatasi iliyokuwa pale." Maneno yake mwenyewe namurudishia, na kifua nimetokeza. Akakuna kidevu, halafu akasema kati ya wakusanyaji hawapeane bure, wanabadilishana, hiyo ni desturi yake toka ujana. Nikimuletea ofisa wa mizinga asiyekuwa naye, orijinali, mama yangu ataenda na mimi. Tukashikana mukono.

Nikatafuta. Kila jumapili mvua inanipiga, vidole vimekufa baridi, mama wa makartoni ananiangalia kama mutu aliyepotelewa na hati za nyumba. Na mwisho nikamupata: ofisa munene, mwenye ndevu, mukono mumoja umekaa juu ya muzinga, picha kubwa kama kitabu cha misa. Nikamupigia Monsieur Gaston simu. Akasema jumapili inayokuja, kisha saa sita, atakuja mwenyewe kwangu, na atakuja na mama.

Basi jumapili ile sikuenda misa. Nilivaa kostimu yangu nyeusi (niko na moja tu). Nilifunga rido za dirisha, nikazima redio, nikatandika kitambaa cheupe kwa meza ndogo, juu nilitaka Monsieur Gaston akute mambo yamepangwa kama kwake. Picha haikutaka kusimama, inaanguka, donc nikachukua kadre nyeusi iliyokuwa juu ya televizio, ile iliyoshika picha ya kaka yangu mukubwa Deo, aliye askari kule kwetu, nikamutoa Deo, nikamuweka kwa droo, nikamuingiza ofisa, bila kioo, juu kioo inaharibu mwanga. Nikawasha mushumaa ubavuni. Nikapiga magoti, nikaanza kuangalia na lupu, kile kioo cha kukuza, nimeshika pumuzi ili mushumaa usitikisike, na kwa sababu nilikuwa na mafua macho yalikuwa mekundu na machozi yanashuka yenyewe.

Ni hapo Maman Furaha aliingia.

Maman Furaha ni jirani yangu wa chini, mama wa Bukavu pia, mwenye moyo mukubwa na simu isiyopumuzika. Alitoka misa, hakuniona, akasema apande aone kama ninagonjwa, na njiani arudishe sufuria yangu. Mulango sikuwa nimeufunga, juu nilingoja muzee. Nikasikia, "Papa Bahati?" na mimi, lupu kwa jicho, ndiyo nimeanza kuona vile vipasuko vya ute wa yai, nikainua kidole tu. Kidole kimoja. Maana yake, nyamaza kidogo, mama, nakuja. Na ni kweli pia kwamba sikutaka aone ninafanya nini, aende kusema Bahati anapigia magoti wazungu wa zamani. Akashika mudomo, akaweka sufuria chini polepole, akatoka kinyumenyume. Nikafikiri, leo Mungu amenisaidia, Maman Furaha amenyamaza.

Muweke vichwa vyenu mahali pa Maman Furaha. Rido zimefungwa. Redio kimya. Kitambaa cheupe, mushumaa. Bahati hakuja misa, amevaa nyeusi, anapiga magoti analia, hataki kusema. Na mbele yake ile kadre nyeusi ambayo kila mutu aliyekunywa chai kwangu anajua ni ya nani. Sura hakuiangalia, kwetu nani anaangalia sura wakati kama ule.

Sijui alipigia simu watu gani. Mimi nilibaki na ofisa wangu, orijinali kabisa, nafurahi peke yangu, mpaka mulango unagongwa, nafungua nikijua ni Monsieur Gaston, na ni Papa Célestin, mukubwa wetu wa mutualité, chama chetu cha kusaidiana, yule anayepanga vilio vyote vya watu wa Kivu hapa mujini, na nyuma yake wanaume wanne-watano, na nyuma yao wamama wamefunga vitenge, na ngazi yote imejaa. Papa Célestin alifungua mikono. Alinikumbatia. Halafu wamama wakaanza kulia.

Mimi nilielewa nini? Mungu wangu, mimi nilielewa kama mutu yeyote wa kwetu angeelewa: kwamba wao ndio wananiletea habari. Simu ya nyumbani ilipita kwao kwanza, kama inavyopita siku zote, mutu haambiwi peke yake. Nikasema, "Deo?" Nikasema tu lile jina, na Maman Furaha akashika kichwa, akaita, "Deo weee, Deo," na kumbe yeye naye alikuwa anangoja niliseme.

Basi tukalia, mimi zaidi ya wote. Sitawadanganya kwamba ile saa ilikuwa ya kuchekesha, mimi nilimuzika mukubwa wangu ile saa. Wanaume wakatoa viti na kanape mpaka kwa korido, wakaleta magodoro, wakaniketisha chini, Papa Célestin akaweka kichwa changu juu ya goti lake. Meza ya ofisa ikasukumwa kwa kona, wakaongeza mishumaa, wakaleta maua ndani ya jagi. Jikoni nilisikia majani ya sombe yanapigwa, kesi za bia zinapangwa, mutu anauliza chumvi iko wapi. Waimbaji wakaanza. Monsieur Gaston nilikuwa nimemusahau, na mama pia nilikuwa nimemusahau, nilikuwa naona tu Deo akinifundisha kuendesha kinga, ile baiskeli yetu, kule Kadutu.

Katikati ya wimbo mukono ukanigusa bega, mukono mukavu, na sauti ikasema, "Courage, mon ami." Sikuinua hata kichwa.

Ni kisha kidogo, waimbaji wanakunywa maji, nilijipangusa nikamuuliza Papa Célestin, "Papa, nani aliwapigia simu? Alikufa wapi?"

Akaniangalia na huruma. "Unatuuliza sisi, Bahati? Si wewe ndiwe unajua?"

"Mimi nitajua wapi? Ninyi ndio mumeniletea."

"Sisi tumekuta wewe umeisha kuwasha mushumaa."

Nikaangalia ule mushumaa. Nikaangalia kadre. Nikaangalia mulango, na pale, kati ya migongo ya watu, nikaona kofia ya kijivu inashuka ngazi.

Nikaruka. Nikapaza sauti, "Hajakufa! Niacheni nipite, Deo hajakufa!" Na hapo ndipo nilikwisha, juu munajua wenyewe, kwa kilio hakuna neno mwenye kufiwa analipenda kuliko lile. Wote wamesikia mutu anasema hajakufa. Wamama wakanirukia. Maman Furaha alinishika kiuno, mwingine mukono, Papa Célestin anasema kwa utaratibu, "Mumushike vizuri, asifike kwa dirisha," na mimi kadiri ninavyosema hajakufa ndivyo wanavyolia, kadiri ninavyovuta ndivyo wanavyokaza. Nikasema, "Ile si Deo, ni muzungu!" na mama mumoja akasema taratibu, "Ee, maskini, akili imemutoka."

Katika kuvutana mguu wangu uligonga meza. Jagi likaanguka upande huu, mishumaa upande ule. Ofisa akashika moto kuanzia kwa ndevu, na Papa Célestin, mutu mwenye akili ya haraka, akamuzima na bia.

Nikawaonyesha na kidole tu, sauti ilikuwa imeisha. Maman Furaha aliokota kadre, akapangusa povu na kitenge, akasogea kwa dirisha, akafungua rido. Mutu wa kwanza kumuangalia yule mufu ni yeye. Aliangalia sana.

"Papa Bahati," akasema, "huyu ni nani?"

"Simujue."

"Haumujue?"

"Ni ofisa wa mizinga. Wa vita ya zamani."

"Na sisi tumelia sauti zimeisha," akasema, "juu ya mutu haumujue."

Mutu mumoja nyuma akaanza kucheka, na unajua kicheko kikianza ndani ya kilio namna gani hakuna wa kukizuia. Wengine hawakucheka. Kuko papa mumoja alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa ajili ya Deo, akavaa koti yake bila kuniangalia. Mimi nilitaka kuingia chini ya godoro. Nikasema, kwa haya, nikasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Kila mutu abebe alichokuja nacho. Kila kitu. Sitaki hata kitu kimoja kibaki kwa hii nyumba." Papa Célestin akasema ni haki, na akasimamia mwenyewe, bia kwa wenye bia, unga kwa wenye unga, samaki kwa wenye samaki, hakuna kilichopotea. Kwa mambo kama yale hana mwenzake.

Kisha pale nilijificha. Niliomba kazi ya jumapili zote kule Auderghem, nikawa naenda misa kwa Waflamand, ambako sikuelewa kitu na hakuna aliyenielewa. Deo nilimupata kwa simu, akacheka mpaka simu ikakatika. Kwa Monsieur Gaston sikuthubutu kwenda, nimwambie nini, ofisa wake ameungua uso, na siku aliyonitembelea alikuta mimi niko chini nalia. Nikasema nitatafuta ofisa mwingine kwanza, halafu nitaenda na kichwa juu.

Mpaka siku nilikutana na Papa Célestin kwa kituo cha tramu. Tukasalimiana, akanitania kidogo, halafu akasema, kama mutu anayetoa ripoti, "Na ile ya muzungu pia niliirudisha, usihangaike."

Nikasema, "Ya muzungu gani?"

"Yule muzee wa kofia. Aliweka kitu chake karibu na maua, bapa hivi, kimefungwa kati ya makartoni mawili, na adresi yake imebandikwa nyuma. Sikukifungua, ile ni pole ya mutu. Nilikitia kwa posta na neno moja la kuomba musamaha, kwamba hakuna aliyekufa." Akanipiga bega. "Wewe si ulisema kila kitu?"

Tramu yangu ilikuja ikaenda.

Siku ile ile nilifika Uccle. Monsieur Gaston alifungua mulango, hakuniambia niingie. "Nilikupa," akasema. "Maisha yangu yote sijapatia mutu picha bure, na wewe nilikupa, juu nilikuona unalia. Nilimuona ofisa kati ya mishumaa, nikasema pengine ni desturi yao. Halafu unanirudishia, na mutu wako ananiandikia kwamba hakuna aliyekufa. Nikasema, bon, kumbe yote ilikuwa mchezo, na hata alichokitaka hakukitaka."

Nikamuelezea pale pale kwa mulango. Mushumaa, kadre, kidole, Maman Furaha, Papa Célestin, bia juu ya ndevu. Alisikiliza mpaka mwisho, na kwa bia akacheka kidogo, halafu kicheko kikamutoka usoni, akasogea pembeni nipite.

Kwa meza ya saloni kulikuwa ofisa mupya. Kijana, mwembamba, amesimama na muzinga wake, anaonekana kama mutu aliyeamushwa mapema.

"Boksi ya Bukavu sikutaka tena kuiona," akasema muzee. "Kuko mutu alipita, Mujerumani, anakusanya Afrika ya zamani. Nilimupatia yote. Akaniachia huyu." Jina la yule Mujerumani hakuwa nalo. Alinyoosha kitambaa chini ya picha, hakujua aweke mikono yake wapi. "Orijinali," akasema, sauti ndogo sana.

Kwa hiyo ile biashara ilifanyika kama tulivyopatana, mama yangu kwa ofisa wa mizinga, ila mimi sikuwemo. Nilimuangalia yule kijana, sikumuchukia, yeye naye iko na mama yake mahali. Halafu nikauliza, na nilijua jibu, niliuliza tu, "Na ile kopi ulisema utanitengenezea?"

"Ulikataa," akasema Monsieur Gaston.

Ofisa wangu aliyeungua niko naye bado, amebaki kifua na muzinga. Mushumaa siwashi tena kwangu, hata umeme ukikatika tunakaa giza, bibi niliyemuoa kisha pale amezoea. Na mutu akigonga, hata niko nanyoa ndevu, namupazia sauti toka ndani, ingia, mimi muzima, Deo muzima, wote wazima. Jumapili bado napita kwa yale makartoni ya stesheni, lakini wenye masharubu nawaruka, natafuta wasichana wenye vitambaa vyeupe kwa kichwa. Na siulizi tena ute wa yai. Leo ningechukua kopi, ningechukua hata fotokopi ya ile mashine mbovu ya pale Gare du Midi, inayotoa kila sura nyeusi, bora tu nione ile kichwa imeinama upande.